Pa Kuweka Tableti

Tangu mama afariki, tableti ya baba haikuwa na pa kukaa.

Naanza na hilo kwa sababu mengine yote sijui yanaanzia wapi. Baba ni rubani. Anaendesha ndege ndogo ya injini moja, viti sita, inayopeleka kliniki kwenye vijiji vya huko chini Usangu, kule ambako masika hata trekta linakwama. Mama alikuwa nesi wa kliniki hiyohiyo. Nyuma walikaa wahudumu wengine na maboksi ya chanjo. Mbele walikaa wao wawili, baba kushoto, mama kulia. Ramani na viwanja na habari za mawingu vyote vilikuwa ndani ya tableti, na tableti ilikuwa mapajani mwa mama, juu ya kibao alichochongewa na seremala mmoja wa Ipogolo. Kibao kilikuwa na ukingo wa mpira wa bluu ili tableti isiteleze. Mama alikuwa akiweka kidole mahali, baba anageuza shingo kulia kidogo, anaona, anarudisha macho mbele. Hawakusemeshana sana. Nilishapanda nao wakati wa likizo, nikakaa nyuma na maboksi, na sikuwahi kufikiri kwamba kile ni kitu cha kutazama. Niliona watu wawili wamekaa tu.

Mama aliugua, akalazwa, akafariki kabla ya Pasaka. Siyo ndege. Watu wakisikia baba ni rubani huuliza kwanza kama ilikuwa ndege, ndiyo maana naandika.

Msibani sikulia. Kina mama wa jumuiya walikuwa wakinitazama, halafu wanatazamana. "Huyu atalia baadaye," walisema, kama vile wanasema itanyesha jioni. Haikunyesha. Ukikalia mguu muda mrefu unakufa ganzi, ukiugusa ni kama unagusa mguu wa mtu mwingine. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima, nikaenda shule, nikafanya mitihani, nikarudi. Darasani hakuna aliyeona tofauti kwa sababu hata zamani sikuwa msemaji.

Siku ya kumaliza matanga vitu vya mama viligawiwa kama inavyofanyika kwetu. Khanga, vitenge, viatu, sufuria zake. Shangazi, dada yake baba, alipewa sanduku la vitenge, akarudi nalo kwake Rujewa. Na kitu kikishagawiwa matanga hakiulizwi tena. Hata kama ni kijiko, ukikidai ni kama umemdai marehemu.

Likizo ya Juni ilipofika, mkuu wa marubani alikuja nyumbani. Ni mzee mkubwa wa mwili, anapoketi kochi letu linaguna. Iringa ilikuwa baridi kweli, akanywa chai akiwa na koti lake. Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi, na mlango wa jikoni haufungi vizuri.

"Kapteni, pole tena."

"Nimeshapoa, Bosi."

"Mimi sikuharakishi. Lakini ndege imekaa. Wale kina mama wa kule chini wananipigia, wanadhani nimeiuza."

Baba akacheka kwa pua.

"Kabla shule hazijafunguliwa, nikae na wewe turuke mara moja, nikuone," Bosi akasema. "Ukiwa sawa, unarudi kazini. Usipokuwa tayari, siyo dhambi, nitaomba rubani mwingine. Ila na yeye atahitaji pa kukaa."

Pa kukaa ni nyumba yetu. Nyumba ni ya kazi.

"Na hiyo tableti ifungwe mahali. Siyo kwenye mapaja ya mtu. Ile tuliifumbia macho kwa sababu alikuwa yeye."

Kijiko kikazunguka kwenye kikombe.

"Nikipata pa kuifunga, naruka," baba akasema.

Kwa hiyo nilijua. Asipopata pa kuifunga haruki, na asiporuka tunahamia Rujewa kwa shangazi, na mimi nitamalizia kidato cha nne kwenye shule ambayo simjui hata mtu mmoja. Mimi ambaye jirani yangu wa dawati ilimchukua karibu mwaka mzima kujua sauti yangu ikoje. Nilijua hayo yote vizuri, na nikaendelea kumenya viazi. Hiyo ndiyo ilikuwa hali yangu. Najua kitu kinachotisha, lakini hakitishi.

Maduka ya Iringa yalikuwa na holda za simu tu, tena nyembamba. Tableti ya baba ni kubwa, kama vile vishikwambi walivyogawiwa walimu wetu. Basi tukaenda Mbeya. Baba alisema nifuatane naye nikamsaidie kuchagua, lakini nafikiri hakutaka kukaa peke yake kwenye kiti cha basi cha watu wawili.

Sokoni Mwanjelwa tulizunguka mpaka tukampata kijana mwenye meza ya vifaa vya magari. Alikuwa amevaa kofia ya sufu na kaptula. Sijui miguu yake ilikuwa na mkataba gani na baridi ya Mbeya.

"Karibu, mzee wangu. Holda zipo za kila aina. Gari gani?"

Baba akasafisha koo. "Nataka isiyotikisika."

"Sawa, lakini gari gani? Kluza? Noa? Fuso?"

"Ndege," baba akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza choo kiko wapi.

Kijana akatutazama. Akanitazama mimi na raba zangu za shule, akamrudia baba. "Ndege. Haya. Na mimi meli yangu nimeipaki pale nyuma ya nyanya."

Mama aliyekuwa anauza viazi jirani alicheka mpaka akashika ndoo. Mimi masikio yaliwaka. Hilo nililihisi, nakumbuka, kwa sababu lilikuwa la kwanza kwa muda mrefu.

"Ni rubani kweli," nikasema. Nadhani nilisema. Ilitoka kidogo sana.

"Eti nini, dada?"

"Ni rubani kweli."

"Mwache mtoto wa watu," yule mama wa viazi akamwambia. "We kama huna cha ndege sema huna."

"Ninacho! Nani kasema sina?" Akainama chini ya meza, akaibuka na mbili. "Hii ya kunyonya kioo. Unabonyeza hivi, unakunja hiki, imekamata. Mteja wangu ana fuso la viazi, anashuka nalo mlima Kitonga kila wiki, haijawahi kuanguka. Na hii ni ya sumaku. Hii hata ukipindua hiyo ndege yako, mzee, wewe utaanguka, yenyewe itabaki."

Baba akazichukua zote mbili, akazigeuza sana mikononi. Akauliza maswali ambayo kijana hakuwa na majibu yake, kama vile mpira unafanyaje ukienda juu kwenye baridi halafu ukashuka kwenye joto la Usangu. Kijana akasema, "Mzee, mimi juu sijafika." Tukanunua zote.

Tukiwa njiani kurudi tulilala Rujewa kwa shangazi. Alitupokea kwa vigelegele vidogo, vya mtu anayekumbuka katikati kwamba bado ni msiba. Uani kwake kulikuwa na mpunga umeanikwa kwenye turubai, na kuku wanafukuzwa kila dakika.

"Chumba nimeshakipiga chokaa," alimwambia baba kabla hatujakaa. "Cha huyu mwanangu. Dirisha linaangalia kule, halipati vumbi la barabara. Kaka, mpunga haukosi hapa. Utakaa huko Iringa unatazamana na ukuta mpaka lini?"

"Bado naangalia, dada."

"Unaangalia nini? Ndege? Ndege ni ya watu."

Halafu akakaa kwenye kigoda akaanza kukata matembele. Alikuwa anakatia juu ya kibao. Ukingo wa mpira wa bluu ulikuwa umebaki upande mmoja, mwingine ulishang'oka, na katikati palikuwa na mikwaruzo ya kisu.

Nilimtazama baba. Baba alikuwa ameshakiona. Alikitazama jinsi mtu anavyomtazama mwenzake ng'ambo ya barabara, hana hakika kama ni yeye.

"Kibao cha marehemu wifi hiki," shangazi akasema, alipoona tunatazama. "Nilikikuta chini ya vitenge. Kinakata vizuri, hakitelezi."

"Ndiyo," baba akasema. "Hakitelezi."

Basi, hayo tu. Shangazi hakujua kilikuwa cha nini, na nani angemwambia? Ukimwambia umekidai. Akayapika matembele na karanga, tukala na wali, na baba akaongeza. Mimi nilitafuna nikifikiri, haya majani yamekatiwa mahali palipokaa ramani za mawingu. Nilisubiri wazo hilo linifanye kitu. Halikunifanya kitu. Yalikuwa matamu.

Tuliporudi Iringa, baba alianza kwenda Nduli kila siku, kiwanjani, kwenye banda la ndege. Nilikwenda naye. Ndege ilikuwa na vumbi kwenye mabawa, na kwenye kiti cha kulia mkanda ulikuwa umefungwa vizuri bila mtu.

Ile ya kunyonya tuliijaribu kwanza. Baba aliibandika kwenye kioo cha mbele, katikati, ikielekea kulia kwake. Ilikamata sawasawa. Akaivuta, akaipiga kofi, ikakataa. Alfajiri tulipofungua banda tulikuta tableti iko chini, imelala kifudifudi.

"Kioo kimepinda hapa," baba alisema akipapasa. "Na baridi hii. Haifai."

Akajaribu ya sumaku, akaikaza juu ya dashibodi, kulia vilevile, chini ya dira. Dira ya ndege inaelea kwenye kichupa cha maji mazito pale juu ya kioo, na baba alipoipachika tu tableti, dira ikageuka kama kuku aliyesikia mlio. Baba akaitoa, ikarudi. Akaiweka, ikageuka.

"Kwa hii," akasema, "kaskazini imehamia Mafinga."

Ulikuwa utani, Mafinga iko kusini kwetu. Nilichelewa kucheka, na nilipokuwa tayari ulikuwa umepita.

Siku iliyofuata Bosi mwenyewe alileta ya kwake ya zamani, ya kibano, inayofungwa kwenye usukani wa ndege. Baba akaifunga kwenye pembe ya kulia ya usukani. Akazungusha usukani mpaka mwisho kushoto, sawa. Akazungusha mpaka mwisho kulia, tableti ikashuka ikamgonga goti. Akajaribu tena, goti.

"Ikinigonga hivi siku ya upepo tutatua kwenye mahindi ya watu. Tena inaniziba saa ya mafuta."

Bosi alikuwa amesimama nje, kiwiko kwenye mlango. "Kapteni, zote hazifai?"

"Umeona mwenyewe."

"Nimeona." Alipangusa paji la uso kwa kiganja, ingawa hapakuwa na jasho. "Shule zinafunguliwa Jumatatu. Mimi nitakuja Ijumaa asubuhi. Kama imefungwa, tunaruka. Kama haijafungwa, nitapiga simu moja na hatutagombana."

Alipoondoka, baba alikifungua kile kibano, akakiweka sakafuni. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni upande wa kulia. Sababu zake zote zilikuwa za kweli, niliziona kwa macho yangu, lakini nilianza kufikiri kwamba hata akiletewa holda ya dhahabu ataikuta na kosa. Nikaona dirisha lile la Rujewa lisilopata vumbi.

"Hebu panda," baba akasema. "Kaa hapo ushike kwanza, nione inapaswa kuwa wapi."

Nikafungua ule mkanda, nikakaa, nikaufunga tena. Kiti cha mama. Nilisubiri nihisi kitu. Nilihisi mkanda unabana tumboni, kwa sababu ulikuwa na kipimo chake na mimi nilikuwa nimevaa masweta mawili. Baba akanipa tableti, nikaiweka mapajani. Akageuza shingo kulia kidogo, akatazama, akarudisha macho mbele. Akageuza tena.

"Hapo," akasema. "Hapohapo."

Tukakaa hivyo. Sijui muda gani. Akawa anashika usukani, anatazama uwanja mtupu, anageuka, anatazama mapaja yangu, anarudi mbele. Ndege haikuwashwa. Mlangoni palipita mbwa wa mlinzi.

"Unashika vizuri," baba akasema. "Unajua, Jumamosi huendi shule. Na likizo. Bosi ni mtu wa kuelewa, nikimwambia wewe ni..."

Hakumaliza. Nilielewa kwamba naombwa, na mimi si mtu wa kukataa, sijui hata kukataa kunaanzaje. Ningeweza kusema sawa. Ingekuwa rahisi, tungebaki na nyumba, na mimi ningekuwa nimekaa pale kila Jumamosi bila kuhisi kitu, kitu kinachoshika kitu. Mikono ilikuwa imeanza kuuma. Macho yangu yakaenda kwenye kioo cha mbele, nikaona alama ya duara ya ile ya kunyonya. Nikaona kovu dogo la kibano kwenye pembe ya usukani. Na pale chini ya dira palikuwa na vumbi lililofutika.

"Baba," nikasema, "mbona zote unaziweka kulia?"

"Eeh?"

"Zote tatu. Umeziweka huku kwangu."

Akatazama kioo. Akatazama usukani. Alitazama polepole, kama anakagua ndege ya mtu mwingine.

"Kulia ndiko iliko," akasema.

"Ndiko ilikokuwa."

Niliyasema na kuyasikia kwa pamoja. Kwa muda nikafikiri nimemkosea, nikataka kushuka, lakini mkanda ule haufunguki kirahisi ukiwa na haraka. Nikabaki nahangaika nao.

"Acha, utauvunja," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Nipe hiyo ya kunyonya."

Ilikuwa miguuni kwangu, ndani ya mfuko wa yule kijana wa Mwanjelwa. Nikampa. Kushoto kwake kuna dirisha dogo la pembeni, ambalo huwa analipangusa kwa mkono wa shati kabla ya kuruka. Kioo chake hakijapinda. Ni bapa kama cha nyumba. Akalipangusa, akabandika, akakunja, akapachika tableti. Haikuziba kitu. Akazungusha usukani mpaka mwisho pande zote, haukugusa kitu. Dira ilikaa kimya, kaskazini yake ikiwa mahali pake.

Tukaiacha hivyo mpaka kesho yake, kwenye baridi ileile. Tulipofungua banda ilikuwa imekamata. Baba alisimama akiitazama kupitia dirishani, kwa nje, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Fuso la viazi," nikasema.

"Linashuka Kitonga kila wiki," akajibu.

Ijumaa Bosi alikuja, akaingiza kichwa, akaishika, akaivuta kwa nguvu zake zote. Akasema iwekewe na kamba, mpira ni mpira. Hapakuwa na kamba karibu. Nikavua raba, nikatoa kamba ya kiatu, baba akaifunga pale kwa fundo ambalo sijawahi kuliona. Kisha Bosi akaupanua mkanda wa kiti cha kulia mpaka mwisho, akakaa, kiti kikaguna kama kochi letu.

Niliwatazama nikiwa mlangoni mwa banda, kiatu kimoja kikinipwaya. Ndege ilienda mpaka mwisho wa uwanja, ikageuka, ikangoja. Iliposogea kuja upande wangu niliweza kumwona baba kupitia kioo. Aligeuza shingo kulia, akamkuta Bosi. Akasita. Halafu akageuza kushoto. Ikanipita kwa kelele, ikainuka, ikaelekea upande wa Ruaha ikiwa ndogo, ndogo zaidi.

Nilijua kwamba hatuhami. Nilijua jirani yangu wa dawati atakuwepo Jumatatu na hatutasema mengi. Nikalisubiri lile la kusubiri, lakini halikuja. Jua tu lilikuwa linapiga kwenye bati na mguu wenye kiatu kilicholegea ulikuwa na baridi kuliko mwenzake. Niliuona huo mguu. Ulikuwa wangu.

Walipotua Bosi alishuka kwanza, akanipungia mkono, akaenda kwenye gari lake kupiga simu. Nilimsikia akimwambia mtu, "Hapana, yupo, wa kwetu yupo." Jioni shangazi naye alipopigiwa alilalamika kidogo kwamba chokaa si bure, kisha akasema basi chumba kile ataweka magunia.

Lakini hiyo ilikuwa jioni. Pale bandani baba alikaa kidogo ndani ya ndege peke yake, akaizima tableti, akashuka. Akasimama karibu nami akijikanda shingo.

"Inauma," akasema.

"Upande gani?"

Akafikiri, akaigeuza huku na huku.

"Kushoto," akasema. "Haijazoea."